Nyumba ya Padri Hujengwa na Nani?

Jumapili moja ya Novemba 2024, Rais William Ruto wa Kenya alisali katika kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na kikundi kingine cha parokia, akatoa milioni 2 za kuanzia ujenzi wa nyumba ya padri, kisha akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Haikuchukua muda Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zinarudishwa na ahadi hizo hazipokelewi.

Habari ile ilivuka mpaka ikafika hadi vijiwe vyetu vya kahawa huku Tanga, na ikazua maswali ambayo mpaka leo nayasikia. Kama padri anahitaji nyumba, hela inarudishwa kwa nini? Na kama ni mtumishi wa Mungu, kwa nini ajengewe na watu? Wapo walioenda mbali zaidi: hawa mashehe na wachungaji nao washike jembe kama sisi, waache kula jasho la wengine.

Nimekulia Muheza, katika ukoo wenye dini mbili. Kwa baba ni Waislamu, kwa mama ni Walutheri wa Lushoto. Utotoni nilipeleka senti za Alhamisi kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na likizo nikimfuata mjomba milimani niliona kuku akinadiwa nje ya kanisa. Jambo hili limenizunguka pande zote mbili, na naona kero yake kubwa ni kwamba tunalizungumza huku tumechanganya vitu vinne au vitano kwa pamoja. Tuvitenganishe.

Maneno kwanza

Sadaka ni neno pana: chochote mtu anachotoa kwa hiari kwa ajili ya Mungu. Noti ya kwenye kapu ni sadaka, futari ya jirani ni sadaka, mkungu wa ndizi wakati wa mavuno nao ni sadaka.

Zaka ndiyo inayotuchanganya, kwa kuwa Waislamu na Wakristo wanalitumia neno hilo moja kwa mambo mawili. Muislamu akisema zaka, kwa upande wa fedha na bidhaa za biashara anakusudia sehemu moja ya arobaini, yaani asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima. Kwa mazao ni sehemu ya kumi iwapo shamba limenyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo iwapo mkulima ameyagharimia maji. Mkristo akisema zaka anakusudia fungu la kumi la kipato chake. (Hata ushuru, neno tunalolilalamikia kila siku sokoni, asili yake kwa Kiarabu ni hilo hilo fungu la kumi.)

Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko kiwango ni ya mpokeaji. Zaka ya Kiislamu ina wenyewe, makundi manane, wametajwa katika Sura ya Tisa aya ya 60: mafukara, maskini, wanaoikusanya, wenye madeni, msafiri aliyeishiwa, na wengineo. Imamu hayumo kwa uimamu wake. Atapewa akiwa maskini, au akiwa amekabidhiwa kazi ya kuikusanya, lakini kusalisha peke yake hakumpi haki hiyo. Kwetu watu walimpelekea mwalimu wa chuo pishi ya zakatulfitri kila mwisho wa Ramadhani, na wengi wakaamini huo ndio ujira wake wa mwaka. Haukuwa ujira. Alistahili pishi ile kwa sababu alikuwa fukara, na alikuwa fukara kwa sababu sisi tuliomletea watoto wetu kila siku hatukumpa kitu kingine cha maana.

Fungu la kumi la Torati limejengwa kwa namna nyingine. Katika kitabu cha Hesabu sura ya 18, kabila la Lawi linapewa kazi ya kuhudumu katika hema ya kukutania, yaani hema la ibada, na linanyimwa urithi wa ardhi. Fungu la kumi la makabila mengine ndilo linalokuwa shamba lao. Nao wakishapokea, wanatakiwa kutoa fungu la kumi la kile walichopokea, kwa hiyo hakuna aliyeachwa upande wa kupokea tu. Mkulima yeyote anaelewa hesabu hii: umemwambia ndugu yako asilime, akae alinde nyumba ya ibada ya ukoo mzima, basi chakula chake kitatoka katika mashamba yenu.

Baada ya hayo kuna mshahara, ambao umekubaliwa na una tarehe. Posho, kiasi kidogo cha kumwezesha mtu kujikimu. Ada, malipo ya jambo maalumu kama kuanza chuo au kuhitimu. Na hidaya, ambayo mtu anampa mtu kwa mapenzi yake. Pwani tuna pia kilemba, zawadi anayopewa mwalimu au fundi mwanafunzi anapomaliza. Mtu akikuambia "mchungaji analipwa", muulize kwanza: analipwa kwa lipi kati ya haya?

Kinacholipiwa ni nini hasa

Hapa ndipo penye kiini. Wengi hudhani waumini wanamlipa kiongozi kwa sala. Kisha wanauliza, na wana haki ya kuuliza, vipi sala iuzwe?

Chukua imamu wa msikiti wa mtaani. Swala tano kwa siku ni swala 1,825 kwa mwaka. Ya kwanza ni kabla jua halijachomoza, ya mwisho ni usiku. Katikati ya hizo hawezi kwenda Dar kutafuta mzigo wa biashara na kurudi, wala hawezi kuajiriwa kiwandani kwa zamu. Kila swala yenyewe ni dakika chache tu. Kinachomgharimu ni kutokuwepo mahali pengine. Mchungaji naye ana ibada ya saa mbili Jumapili, na watu wakihesabu saa hizo mbili wanasema anakula bure. Hawahesabu simu ya saa nane usiku kwamba mzee amekata roho, mgonjwa wa hospitali ya Bombo anayetaka kuombewa, wanandoa waliofungiana mlango, wala maziko yanayochukua siku nzima katikati ya wiki ya kupanda mahindi.

Ni kama zimamoto. Askari wa zimamoto hulipwa hata mwezi ambao hapakuwaka moto, na hakuna anayesema amekula bure, kwa kuwa tunajua tunachomlipia ni kuwa tayari.

Waislamu wana kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko mfano wowote. Abubakari alipochaguliwa kuwa khalifa baada ya kufariki Mtume mwaka 632, asubuhi alibeba nguo zake begani akaelekea sokoni, maana alikuwa mfanyabiashara. Omari, sahaba mwenzake, akakutana naye njiani, akamuuliza anakwenda wapi na hali amekabidhiwa mambo ya Waislamu. Abubakari akamuuliza: watoto wangu nitawalisha nini? Wakakubaliana apangiwe posho kutoka Baitulmali, hazina ya Waislamu. Hakupewa kwa utukufu wake. Watu waliona kwamba akiendelea kuuza nguo, kazi yao haitafanyika.

Hata hivyo wanavyuoni walibishana, na si vyema kuficha. Iko hadithi inayomtaka mtu ateue mwadhini asiyechukua ujira kwa adhana yake. Iko nyingine, katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, inayosema kwamba kitu chenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wa zamani wa madhehebu ya Hanafi, Wahanafi, walikataza ujira wa kufundisha Kurani. Waliokuja baadaye wakaruhusu, kwa hoja kwamba ruzuku za Baitulmali zimekatika na walimu wakikosa riziki elimu itapotea. Mashafii, watu wa madhehebu ambayo ndiyo yenye wengi katika pwani yetu, huruhusu ujira wa kufundisha. Zingatia hoja iliyowabadilisha Wahanafi. Aya ilikuwa ile ile, lakini walimu walikuwa wanakwenda shambani.

Kwa Wakristo, anayetaka kupinga posho humtaja Paulo, mtume aliyeshona mahema. Ni kweli alishona, Matendo 18 inasema. Ila huyo huyo Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 9, anatumia karibu nusu ya sura kuthibitisha kwamba wahubiri wana haki ya kula kutokana na Injili, akitaja askari, mpanda mizabibu na ng'ombe anayepura nafaka. Aliiacha haki hiyo kule Korintho kwa sababu zake mwenyewe, na kwa Wafilipi alipokea msaada akawashukuru. Kuacha haki yako ni jambo moja, na kusema kwamba mwenzako hana haki ni jambo jingine.

Tahadhari nayo ni ya kale. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, kinasema mtume msafiri akifika akae siku moja, ikibidi mbili; akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, vivyo hivyo. Lakini nabii wa kweli anayetaka kukaa nanyi, kinasema, anastahili chakula chake, na malimbuko apewe yeye. Nilipokisoma mara ya kwanza nilishtuka, maana bibi yangu hakuwahi kukiona na alikuwa akisema maneno karibu yale yale: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mkono wa serikali, mkono wa wamisheni, mkono wa shamba

Swali lililobaki ni kwa nini mzigo huu umebebwa na waumini wenyewe, wakati kuna nchi ambako mambo ni tofauti. Ujerumani ina kodi ya kanisa: aliyesajiliwa kuwa Mkatoliki au Mprotestanti hukatwa nyongeza ya asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kutegemea jimbo, na serikali hulikabidhi kanisa. Oman ina wizara ya wakfu na mambo ya dini, nayo huwalipa maimamu. Kenya, makadhi hulipwa na dola, maana mahakama zao zimo ndani ya Katiba.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Ibara ya 19 ya Katiba inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa lugha ya kijiweni: serikali haitamchagulia mtu shehe, wala haitamlisha. Ninaona ni uamuzi mwema, ila una bei yake, na bei hiyo inalipwa kwenye kapu.

Pwani ilikuwa na dawa yake ya zamani, wakfu. Mtu mwenye uwezo anafunga shamba la minazi au duka, haliuzwi tena wala halirithiwi, na mapato yake yanahudumia msikiti: maji, mikeka, mafuta ya taa, riziki ya imamu. Uzuri wa wakfu ni kwamba mtoaji amekwisha kufa. Hawezi kuja Ijumaa kumwambia khatibu aseme nini. Zanzibar mpaka leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya ina makamishna wake. Lakini misikiti mingi ya bara haikuwahi kuwa na minazi ya wakfu, ikabaki na waumini wake tu.

Makanisa yalianza upande wa pili kabisa, na fedha ya ng'ambo. Katika karne ya 19 Henry Venn wa shirika la misheni la CMS alikuwa akihimiza kwamba kanisa changa lifikie kujiendesha, kujitegemea na kujieneza lenyewe, lakini kufika huko kulikuwa kazi. Kwa Walutheri wa Usambara, Kilimanjaro na Pare, somo lilikuja kwa kishindo. Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1939 vita vya pili vikawakamata tena. Sharika zikabaki na walimu na wachungaji wenyeji, wakati msaada wa nje umekatika au umepungua mno. Kanisa halikufa. Mwaka 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, tayari lilikuwa na kizazi kilichojua kumlisha mchungaji kwa ndizi na mahindi. Kenya, mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbiteri, PCEA, alikwenda mbali zaidi mwaka 1971 akataka wamisionari na fedha zao visimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Neno "Jitegemea" limebaki kuwa kauli ya kanisa hilo.

Mnada wa sadaka ninaoukumbuka Lushoto ulitokana na shida hiyo. Ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Nje, chini ya mti, mzee wa kanisa anasimama na kuku aliyefungwa miguu. Asiye na fedha ameleta alichonacho: mayai matatu kwenye kitambaa, fungu la maharage, muwa, kikapu cha peasi. Bei inapanda kwa utani. Mwenye nacho anamnunua kuku kwa mara mbili ya bei ya sokoni, kisha anamrudisha: "Nadini tena!" Kuku yule yule anauzwa mara tatu. Mama mjane aliyeleta mayai anasikia mayai yake yakitajwa mbele ya usharika wote sawa na debe la mahindi la tajiri. Hela inaandikwa daftarini palepale, mbele ya macho ya watu.

Nimeona njia nyingi za kukusanya, siku hizi mpaka kwa lipa namba, na bado sijaona inayoufikia mnada kwa uwazi. Mchungaji hakuwa anashika kitu. Alikuwa amesimama pembeni akisalimiana na watu.

Kapu moja au mifuko mingi

Kutoka hapo fedha inakwenda wapi? Dini hazifanani. Kwa Wasabato fungu la kumi halibaki kanisani. Linapelekwa konferensi, yaani ofisi inayosimamia makanisa ya eneo zima, na wachungaji hulipwa huko kwa kiwango kinacholingana. Mchungaji wa mjini penye matajiri na wa kijijini penye ukame wanakula kapu moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kugombea mtaa wenye mifuko minono. Mashahidi wa Yehova wana wazee wa kutaniko wasiolipwa kabisa, wenye kazi zao za kawaida.

Kwa Wakatoliki, wengi husema padri amekula kiapo cha umaskini. Hicho ni cha watawa, kama Wakapuchini. Padri wa jimbo huahidi useja na utii kwa askofu, na anaweza kumiliki vitu. Ile sadaka ya nia ya Misa, anayotoa mtu ili Misa iadhimishwe kwa ajili ya jambo analoliombea, nayo si bei ya Misa. Sheria ya Kanisa ya 1983 inamhimiza sana padri aadhimishe kwa nia ya maskini hata asipopewa chochote, inamruhusu kubaki na sadaka moja tu kwa siku hata akiadhimisha Misa zaidi, isipokuwa Krismasi, na inataka hata sura ya biashara iepukwe.

Ninaumia zaidi kwa katekista na mwinjilisti wa kigango, na maalimu wa chuo cha mtaani. Hao ndio wanaokaa na watu mwaka mzima, na kwao kapu hufika likiwa tupu. Familia 60 zenye watoto chuoni zikitoa shilingi 5,000 kila mwezi ni 300,000. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema, kisha tunamwachia mwalimu kibaba bila haba.

Na yako makanisa ambamo mwanzilishi ndiye mchungaji, ndiye mweka hazina, na akaunti ina jina lake. Muumini anaambiwa "panda mbegu", anauziwa mafuta na maji, analipia kumwona nabii. Jambo hili lisichanganywe na yote niliyoeleza hapo juu. Kumlisha mtu ili apatikane kwa wote, hata kwa asiye na kitu, ni kitu kimoja. Kumlipa ili baraka ikufikie wewe uliyelipa ni kitu kingine, na asiye na kitu anaachwa mlangoni. Kama unataka kuujua ukweli wa mahali, tazama anavyopokewa aliyekuja mikono mitupu.

Mtoaji mmoja

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa akiishi nyumba ya makuti iliyovuja. Mfanyabiashara mmoja wa pale akamhurumia, akaiezeka kwa bati peke yake. Tulifurahi sote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini jambo lile halikufanywa na sisi, wazazi na wanafunzi wa mtaa mzima. Miaka michache baadaye baba wa mfanyabiashara yule akafariki, na ndugu wakagombana juu ya mirathi. Kama desturi, walipaswa kwenda kwa mwalimu awagawie kwa sheria. Wadogo zake walikataa. "Tutahukumiwa chini ya bati lake?" Mwalimu alikuwa mtu mwadilifu, na ninaamini angegawa kwa haki hadi senti ya mwisho. Hakupata nafasi. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Chake kilicholiwa kilikuwa neno lake.

Kwa hiyo niliposoma habari za Soweto nilielewa kwa nini hela ilirudi. Miezi michache kabla, vijana wa Kenya walikuwa barabarani wakipinga mswada wa fedha, na mojawapo ya mambo waliyoyadai makanisani ni viongozi wa dini waache kuwapa wanasiasa mimbari kwa sababu ya bahasha zao. Padri wa parokia alihitaji nyumba kweli. Lakini nyumba ya parokia si ya padri aliyepo. Yeye atahamishwa, atakuja mwingine, na mwingine baada yake. Kila mmoja siku ya kwanza tu, kabla hajafungua begi, ataonyeshwa chumba na kuambiwa ni nani aliyeijenga.